Damu ya Siku za Mwanzo

Mama yangu anakielewa Kiswahili cha kanisani na cha sokoni, basi. Ndiyo maana fizi zake zilipovimba nilimtoa kijijini kwetu Bukundi nikampeleka kwa daktari wa meno Bariadi, nami nikakaa katikati yao kuwa mkalimani. Mimi ni mwalimu. Najiona najua kueleza.

Daktari, dada mmoja mpole asiye na haraka, alimwondoa ugaga, kisha akatoa viburashi vyembamba vya kupitisha katikati ya jino na jino. Akamwonyesha kwenye kioo: ingiza taratibu, vuta, suuza, kila siku. Mswaki peke yake haufiki huko, alisema. Hayo niliyatia Kisukuma vizuri. Kisha akaongeza kwamba fizi zikiwa zinaumwa hivi, siku za mwanzo damu itatoka. Asiogope, asiache, maana akiendelea itapungua. Wiki mbili zikipita na bado inatoka, arudi.

Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni mwangu. Shuleni walikuwa wananitafuta, na mimi nikianza kutafutwa akili yote huhamia huko.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anarudia yale yale, mayu. Twende."

Siku ya nne alinipigia. Damu inatoka, alisema, kila akipitisha kile kiburashi mate yanakuwa mekundu. Mbele yangu kulikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Maneno ya daktari yalishanitoka kichwani, na kusema kweli nilikereka. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Basi acha kwanza, fizi zipumzike."

Akaacha. Mama ananitii mimi kuliko ninavyomtii yeye. Viburashi alivitia kwenye kopo la majani ya chai, akalifunga. Nilipopiga simu baada ya hapo nilimuuliza mvua, ng'ombe na pamba. Meno sikuyauliza hata mara moja.

Nilikwenda nyumbani baada ya mavuno ya viazi. Mama hupenda matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vikavu. Huvitafuna siku nzima, akitutania sisi wa mjini tuliozoea mikate. Siku hiyo nilimkuta anavilowesha kwenye chai.

"Mbona hivyo?"

"Vya mwaka huu ni vigumu," akasema.

Nikachukua kimoja nikakitafuna. Havikuwa vigumu hata kidogo. Nikamwomba afungue mdomo. Meno mawili ya mbele, chini, yalicheza nilipoyagusa kwa kidole.

Kesho yake tulikuwa kwenye kiti kile kile. Daktari alipima, akatingisha kichwa. Mengine yanaweza kubaki akianza kusafisha leo, alisema, lakini hayo mawili hayashikiki tena. Akanigeukia mimi. "Si nilisema damu ya mwanzo isimwogopeshe? Hukumwambia?"

Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akiwa amelala pale na taa machoni: "Alinambia. Mimi ndiyo niliogopa."

Mtu mzima, mwalimu, nikamwacha mama yangu abebe kosa langu mbele ya mgeni, kisha nikamshika mkono wakati anang'olewa. Naona aibu hata kuandika.

Siku hizi naenda kila Jumamosi. Tunakaa uani, yeye na kioo, mimi na kikombe cha maji, tunapitisha kiburashi mwanya mmoja baada ya mwingine. Ile wiki ya kwanza damu ilitoka, kama alivyosema daktari. Ya pili ikapungua. Sasa mate ni meupe, na kila mara natamani kumwambia ukweli ambao yeye anaujua tangu siku ile.

Jumamosi iliyopita tulipomaliza alinisogezea sahani ya matobolwa makavu, yake akayatia kwenye chai.

"Kula, baba," akasema. "Wewe una meno."