Yai la Mama Vifaranga

Darasa la uzamili la ukuaji wa viinitete, yaani vifaranga vinavyoanza kuumbika yaini, lilikuwa na wanafunzi saba, nao walipangwa wawili wawili. Hesabu ndiyo iliyomwacha binti mmoja peke yake, na hesabu haina huruma. Wenzake walimpachika jina la Mama Vifaranga kwa jinsi alivyoliinamia yai lake la zoezi kutwa. Hawakuwa na ubaya; ila utani ukiisha, walikwenda zao kula, naye akabaki na mashine ya kutotolea ikivuma.

Zoezi lenyewe lilikuwa hili: unakata kidirisha kwenye ganda, unakiziba kwa utepe angavu, kisha unachungulia. Bawa likianza tu kuchomoza, unakitoa kiinitete na kukitia kwenye dawa ya kuhifadhia. Ukikosa hapo, somo unalirudia mwakani.

Siku moyo ulipoanza kupiga, kitone chekundu kama punje ya mtama, alijikuta anauamkia.

"Umeamkaje, mwenzangu?"

Tangu hapo kila akifungua mashine, salamu kwanza. Mama yake alipopiga simu kuuliza habari za huko, alijibu salama, masomo tele, akakata. Mtu mzima na shahada yake, atalilia upweke kama mtoto wa chekechea?

Ijumaa bawa lilichomoza, dogo, zuri. Mkasi alikuwa nao mkononi. Akakifikiria chumba chake cha kupanga, siku mbili nzima maabara imefungwa, bila wa kusema naye, na Jumatatu akute mashine tupu, roho ikamshinda. Akakiziba kidirisha upya harakaharaka na kulirudisha yai.

Jumatatu alikuta utepe umeachia pembeni, yai limekauka. Moyo kimya.

Mhadhiri, mwanamke asiye na maneno mengi, alichungulia akaelewa.

"Mtaka yote hukosa yote," alisema. "Ijumaa ulikuwa na zoezi. Leo huna zoezi wala kifaranga. Ulikuwa unangoja nini?"

Mama Vifaranga alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuosha vyombo vyake.

Jioni simu iliita, mama akauliza habari za huko kama kawaida. Ile salama ilimfika ulimini ikakwama.

"Mama, nimechoka kuwa peke yangu."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Haya, mwanangu, nimekaa. Leo hukati simu."