Karatasi ya Simenti

Siku hizi kwetu Muhumba wanajenga kila pahali, na fundi akikung'uta mufuko mutupu wa simenti, ile harufu ya vumbi na karatasi kavu inanipata puani, miguu inasimama yenyewe. Watu wanafikiri naangalia nyumba. Mimi namuona Nsimire.

Tulikuwa na miaka kumi na mitatu, marafiki wa kula muhindi mumoja wa kuchoma, kila mutu na upande wake. Mama yake alikuwa anashona nguo barazani kwao. Vipimo alikuwa anavikata ku karatasi ya mifuko ya simenti, kwa sababu iko nguvu, haipasuke haraka. Ukipeleka kitambaa chako unavikuta vimetundikwa ukutani: mikono, kola, migongo ya watu wasio na vichwa. Mu quartier, mutaa wetu wote, hakuna asiyeijua ile karatasi.

Kila Jumamosi mchana tulienda parokiani, mu kikundi cha vijana. Encadreur wetu, mulezi wa kikundi, alikuwa tonton Fidèle, na niseme kweli, tulimupenda. Alivaa viatu vya raba kama vyetu, alijua majina yetu yote, na alituchekesha hata kabla ya rozari. Alituwekea kopo ya maziwa ya unga yenye tundu juu. Swali unaloogopa kuuliza, liandike bila jina, ulitie mule. Yeye anatoa, anasoma kwa sauti, anajibu. Karibu yote yalikuwa juu ya kupendana, na tulicheka mpaka mbavu.

Siku moja Nsimire akanivuta nyuma ya kanisa.

"Unipatie papier moya mu cahier yako."

"Sina. Maman anahesabiaka mapaji."

Karatasi za daftari yangu zilihesabiwa kweli. Lakini ningeweza kusema moja imetoka yenyewe.

"Niko na swali," akasema.

"Andika tu ku kitu yoyote. Hatajua ni nani."

Jumamosi iliyofuata tonton Fidèle aliingiza mukono mu kopo, akatoa kipande cha rangi ya udongo kilichokunjwa mara ine, akakiinua juu.

"Na huyu wa simenti? Anataka tumujengee nyumba?"

Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka, nisiwafiche. Kicheko kingali kinywani mwake, akaanza kusoma: "Papa yetu iko na bibi mwingine kule Kamanyola. Niliwaona. Nikiomba Mungu maman asijue, ni zambi?"

Vichwa vikageuka, kimoja kimoja. Nsimire aliangalia kopo tu, kama mutu anayengoja irudishe kitu chake.

Tonton Fidèle akapangusa uso. Halafu akaongea. Aliongea juu ya amri ya ine, waheshimu baba na mama, akaongea juu ya ndoa takatifu, shetani, familia ya Nazareti. Kila alipofika mwisho aliona bado tunamuangalia, akaanza tena. Mwishoni akatuimbisha, na tukapiga makofi. Nsimire naye alipiga.

Jumapili, kabla ya misa ya pili, mama yake alikuwa ameshaambiwa na wanawake watatu waliokuja kumufariji kabla hajalia. Jumatatu mashini yake ya kushona haikusikika. Juma halijaisha, mama na watoto wakahamia Kavumu kwa wajomba. Nsimire alipita mbele ya mulango wetu na mufuko kichwani. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu asubuhi. Ikatoka salamu ya kanisa tu: "Yesu asifiwe."

"Milele na milele," akajibu, kama unavyomujibu mutu usiyemujua njiani, na akaendelea.

Koko, nyanya yangu, alikuwa anasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilidhani ananikemea tu juu ya bidon ya maji niliyomwaga.

Leo mulezi wa kikundi ni mimi, wananiita tantine, na kopo ninayo. Karatasi nazikata mwenyewe, mu cahier moja, zote kipimo kimoja. Kila mutoto anapata yake na kila mutoto anairudisha, hata asiye na swali. Sisome mbele ya watu, nasoma peke yangu. Mimi mupenda kuota, niliota kwamba itatosha. Miezi inapita, na zinarudi nyeupe. Nyeupe zote. Nawauliza habari, wananijibu vizuri sana, kwa adabu, namna tulivyopiga makofi.

Juma lililopita moja ilirudi imekunjwa mara ine. Ndani mutu alikuwa ameandika musitari mumoja, halafu akaufuta kwa kalamu ya bic mpaka karatasi ikatoboka. Niliiinua kwenye dirisha ili mwanga unisomee. Nikauona mukono wangu juu, kama ule wa tonton Fidèle, nikaushusha.

Watoto wako makumi tatu, na karatasi haina jina. Jumamosi inakuja, viti vitapangwa, na sijui nikae karibu na nani.