Siku kengele ya sukari ilipolia katikati ya fainali yetu Jangwani

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, nyie wengine marahaba hata kama hamjanipa.

Ninayoandika yalinitokea mwenyewe. Asiyeamini namwacha na lake, maana umri wangu hauniruhusu kubishana na watu mtandaoni.

Jumamosi nilimsindikiza mjukuu kwenye mechi ya academy. Kulikuwa na baba mmoja kavaa tracksuit kumshinda kocha, anamfokea mwanawe kwamba hana positioning. Mtoto mwenyewe bado meno ya mbele hayajaota, na muda huo alikuwa anaangalia kunguru.

Vijana waliokaa karibu yangu wakasema wazazi wa siku hizi wameharibika.

Siku hizi? Kaeni vizuri.

Mimi ni wa Kariakoo, mtaa wa Mchikichi. Nazungumzia enzi za Ujamaa, mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati kilo ya sukari ilikuwa habari ya kumwamsha mgonjwa.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani barazani kwetu. Pia alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kwa wadogo zangu msiojua, balozi alikuwa serikali ya pale mlangoni. Mke na mume wakigombana wanakwenda kwake, mgeni akilala kwako ataulizia ni nani.

Na duka la ushirika likipata sukari, balozi wetu ndiye aliyepita mtaani na kengele.

Ile kengele ikilia unaacha unachofanya. Nimewahi kumwona mzee mzima anatoka kwa kinyozi kanyolewa upande mmoja. Sisi watoto tulikuwa na kazi yetu maalumu: ukiisikia, unakimbia kushika nafasi kwenye foleni, mama anakuja nyuma na kikapu. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa mara mbili.

Baba kwenye mambo ya mtaa alikuwa mtu wa haki sana, sisemi kwa sababu ni baba yangu. Sukari ikija, sisi tulikuwa wa mwisho kuchukua, na mara nyingine tulikuta imekwisha. Mama alikuwa na maoni yake kuhusu haki hiyo.

Ila kwenye mpira wa watoto alikuwa binadamu mwingine kabisa.

Mtaa wetu ulikuwa na timu ya watoto. Kocha alikuwa Bwana Haule, mtu wa Songea, mpole, anapakua mizigo bandarini na jioni anatufundisha bila kulipwa chochote. Mimi nilikuwa golikipa.

Wakuu, niliipenda ile nafasi jamani. Wenzako wote wanakimbizana, wewe umetulia unaona uwanja mzima. Mpira ukija ni wewe na yeye. Sikutaka kingine duniani zaidi ya kuachwa pale golini.

Baba hakutaka hata kusikia. Kwake yeye, golini wanawekwa watoto wasio na wa kuwasemea. Mtoto wa balozi anapaswa kuwa namba tisa, mfungaji mabao. Na kwa kuwa jezi zote alishona yeye, msimu mzima nilidaka nikiwa na namba tisa mgongoni. Marefa wakiuliza, Bwana Haule anasema ni uhaba wa vitambaa. Enzi hizo ukisema uhaba, mjadala umefungwa.

Namba tisa halisi alikuwa rafiki yangu Abeid. Yule mtoto alikuwa anajua mpira. Mama yake alikaanga samaki soko la Feri, na siku za mechi alikuja moja kwa moja kutoka kazini na ule upawa wake mrefu wa kugeuzia samaki. Alikuwa anamwelekeza refa kwa upawa. Marefa wengi walimsikiliza.

Tukafika fainali, dhidi ya watoto wa Mchafukoge, jirani zetu. Hapo ndipo wazazi walipopagawa rasmi.

Baba akaitisha kikao cha nyumba kumi. Ajenda ya kwanza ulinzi, ya pili mitaro, ya tatu mengineyo. Ulinzi na mitaro vilimalizika kabla chai haijapoa. Mengineyo ndiyo ilikuwa mpira, na ikatufikisha magharibi.

Kila mzazi aliyesimama alithibitisha kwamba mwanawe ni namba tisa. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye pumu, naye alisema ni namba tisa wa mbio fupi. Bwana Haule akauliza golini atakaa nani. Mzee mmoja akajibu hilo litaangaliwa baadaye.

Mwishowe baba akaleta azimio. Kwa kuwa wananchi wote ni sawa, kila mtoto atacheza namba tisa kwa zamu. Yeye atasimama kando ya uwanja na kengele. Ikilia, mnabadilishana nafasi. Wa kwanza Abeid, wa pili mtoto wa balozi. Upangaji huo ulitokana na kura ya karatasi aliyoiokota mwenyewe kutoka kwenye kofia yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nasikia yote. Wa pili ni mimi, yaani siku ya fainali natolewa golini. Nilitamani kulia lakini kikao kilikuwa na watu.

Bwana Haule akajaribu kunitetea.

"Balozi, mtoto anacheza vizuri pale roho yake ilipo."

"Bwana Haule," baba akasema, "roho haikupigiwa kura."

Azimio likapita.

Siku ya fainali viwanja vya Jangwani vimejaa. Mtaa mzima umekuja, wakiwemo kina mama wengi ambao kwenye kikao hawakuwepo na hakuna aliyewaeleza habari ya zamu. Hilo liwekeni akilini.

Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Nilikuwa nadaka huku najua muda wowote naondolewa, kwa hiyo nilidaka kwa uchungu. Kila mpira niliukumbatia kama naaga.

Kipindi cha pili Abeid akapata mpira katikati. Akampita mmoja, akampita wa pili. Mbele yake amebaki golikipa wao tu. Mama Abeid kanyanyua upawa juu.

Baba akaangalia saa yake. Zamu ni zamu.

Akapiga kengele.

Kisha mama mmoja nyuma yangu akasema neno moja tu, "Sukari." Mama Abeid akashusha upawa.

"Abeid, wahi foleni."

Abeid aliuacha mpira pale pale ulipo. Akapita pembeni ya golikipa wa Mchafukoge, ambaye alikuwa ameshajitupa, akaendelea kukimbia kuelekea Kariakoo. Mabeki wetu wakamfuata. Viungo wakafuata. Yule mwenye pumu alikuwa wa mbele kabisa, kwa kweli alikuwa na mbio fupi.

Mshika kibendera alikuwa wa mtaa wetu. Aliondoka na kibendera.

Baba kuona hivyo akazidi kupiga kengele ili kuwarudisha. Hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana waliokuwa wanasitasita wakaelewa kwamba sukari inakaribia kwisha. Hata mashabiki wa Mchafukoge, ambao duka letu halikuwahusu, baadhi yao walianza kutembea haraka haraka.

Uwanjani nikabaki mimi. Mtoto wa balozi ndiye pekee aliyejua dukani hakuna kitu.

Watoto wa Mchafukoge walishangaa kidogo, halafu wakakumbuka kwamba kuna mpira. Wakaanza kuja wote.

Sasa wakuu, hapa naomba mnielewe. Baba yangu alikuwa amesimama kando ya uwanja, kengele mkononi, timu yake yote iko njiani kwenda dukani, na bado akaniita.

"Sele, toka golini. Ni zamu yako namba tisa."

Sikuwahi kumjibu baba yangu hata siku moja.

"Baba, mimi nabaki."

Mpira wa kwanza nikaudaka, nikautema. Wa pili ukanigonga goti. Wa tatu ukaingia. Refa akahesabu wachezaji wetu, akamkuta mmoja, akapiga filimbi ya mwisho.

Wazazi walirudi kutoka dukani mikono mitupu na hasira mbili. Wetu wanadai mechi irudiwe, wa Mchafukoge wanadai bao ni bao. Watu wakaanza kushikana mashati. Sisi watoto tulikuwa tumekaa kwenye nyasi na wale wa Mchafukoge tunagawana muwa.

Katibu wa tawi la chama akaletwa kuamua. Alikuwa mtu asiyecheka. Akasikiliza pande zote, akatuangalia sisi na muwa wetu, kisha akatamka kwamba anaona wenye mechi ni wazazi. Kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya kazi ya kujitolea ya kuzibua mitaro, wazazi waje kuimalizia wenyewe. Watoto watatazama.

Walidhani anatania. Jumapili alikuja na filimbi.

Kina baba wa mtaa wetu wakapanga timu. Wote walikuwa namba tisa. Mama Abeid pia alijiandikisha, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatalia. Bwana Haule akauliza lile swali lake: golini anakaa nani? Wote wakainamia viatu vyao. Halafu mtu akasema kiongozi ni mfano, na wote wakageuka kumtazama balozi.

Idadi ya mabao sitaitaja. Marehemu ni baba yangu.

Mwanzoni sisi watoto tulinyamaza kwa adabu. Kisha Abeid akashindwa kuvumilia, akamuuliza mama yake kwa sauti kama amekuja uwanjani kulala. Mama Abeid alimwahidi kipigo huku anakimbia. Baada ya hapo hakukuwa na adabu tena, kila mtoto alimrudishia mzazi wake maneno yake yote.

Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa namwangalia baba. Kila akifungwa anakwenda kuufuata mpira peke yake, na wenzake wote wamemgeuzia mgongo, wanalaumiana kwa sauti ili asikie. Roho iliniuma kuliko siku ya fainali.

Jioni mama alimwekea baba vidole kwenye maji ya moto na chumvi. Vilikuwa vimevimba, cherehani hakuigusa wiki ile. Akaniita nikae karibu yake. Nikajua sasa ndiyo naulizwa ile habari ya kumjibu mbele za watu.

"Sele, ukishafungwa unawezaje kusimama tena pale?"

Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni.

"Napenda tu, baba."

Akaangalia vidole vyake ndani ya beseni.

"Basi kaa huko huko."

Nilidaka mpaka magoti yalipokataa, miaka mingi baadaye. Sikufika popote pa kujisifu, lakini kila mechi niliyocheza niliicheza kwa raha, na hiyo naihesabu ni bahati.

Funzo nililopata ni dogo. Mzazi, kabla hujampangia mtoto nafasi, nenda kasimame wewe pale alipo. Dakika chache tu zinatosha, na maji ya chumvi uandae kabisa.

Haya, wazee wa enzi hizo najua mmo humu mnasoma kimya kimya. Mzazi wako alitaka ucheze namba ngapi, na wewe mwenyewe ulitaka ipi? Karibuni, ila kama wewe ni wa Mchafukoge na umekuja kusema bao ni bao, hilo tumelisikia.