Mkeka Mmoja, Vihenge Viwili

Mwaka huu Veneranda alivuna debe thelathini na tano pale Kalenga, mtoto mgongoni, maana Saulo mumewe alikuwa Chunya akichimba dhahabu. Kazi ikawa kupata pa kuyaweka mahindi. Yale yasiyoenea kihengeni yangehifadhiwa kwa shemeji Joachim, na mahindi yakishaingia kwa Joachim hayana kawaida ya kutoka.

Mzee Liberatus, fundi wa vihenge, alimsukia mkeka wa mianzi, futi tisa kwa nne na nusu. Akaukunja kwa kuusimamisha, ukawa kihenge chembamba kama nguzo, akakifunga kwenye banda. Kwao kihenge kirefu ndicho kinachosifiwa na wapita njia. Walipanda ngazi kukijaza. Kikafurika kwa debe kumi na nane, kumi na saba yakabaki uani.

Veneranda akauliza, je, kama wangeukunja kwa kuulaza?

"Si mkeka ule ule?" Liberatus akamjibu. "Mianzi haizai, mwanangu."

Mtoto alipolala, Veneranda alichana karatasi ya kalenda ya zamani, vipande viwili sawasawa. Kimoja akakizungusha kikawa kirefu, kingine kikawa kifupi, akavifunga uzi. Akajaza maharage kwenye kile kirefu mpaka juu, kisha akayamimina kwenye kifupi. Yakaishia katikati. Akarudia, akidhani ameyamwaga. Katikati tena.

Akakaa akivitazama. Kimo, aliwaza, kinakwenda juu tu. Unene unakwenda mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia pia. Kimo kikipungua nusu unapoteza mara moja, lakini unene ukiongezeka unapata mara mbili.

Kesho yake wakayatoa mahindi, wakaukunja mkeka upya, mfupi, wenye tumbo. Liberatus alihesabu kila debe kwa sauti, na alipovuka kumi na nane akaanza kucheka peke yake. La thelathini na tano likaingia, nafasi ikabaki.

Joachim alifika na baiskeli na magunia matupu. Akakitazama kihenge kilichomfika kifuani.

"Shemeji, mengine umeuza?"

"Yamo humo, shemeji. Debe lile pale, toa uhesabu."

Joachim akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Akamaliza togwa aliyokaribishwa, akasukuma baiskeli kurudi kwake.