Ukosi wa Koti la Mwalimu

Kila mwaka, kabla masika hayajaingia, huipindua baiskeli yangu uani, magurudumu juu. Huiosha cheni kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi, kisha hufunga kipande cha tyubu kuukuu kwenye madigadi ya nyuma ili matope yasiruke mgongoni mwa kanzu. Kazi hizo nimezifanya tangu nilipokuwa karani wa masjala Wete, na kustaafu hakukunipunguzia hata moja. Koti la mvua pekee si kazi yangu. Hilo hulishona mke wangu kwa cherehani yake.

Mwaka huu jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, alipita kwa baiskeli mbele ya baraza tunapoketi wazee, mvua inanyesha, amevaa koti jipya. Nililitambua kwa mshono. Lilikuwa pana kama langu, la kufunika hadi usukani, lenye vitanzi vya kutia vidole gumba upepo usilipeperushe. Ila la kwake lilikuwa na ukosi wa kusimama, wenye kifungo, na shingo yake ilikuwa kavu. Wazee wenzangu walilisifu. Mmoja akaniuliza kama siku hizi nyumbani nala makombo.

Nilipofika kwangu nilimweleza mke wangu, kwa utaratibu, kwamba si haki mtu wa nyumba nyingine ashonewe ukosi ilhali mimi naingiwa na maji shingoni msimu wa tatu huu. Nikamtolea daftari langu la hali ya hewa. Kila siku niliyoroa imeandikwa, pamoja na tarehe.

Alisoma ukurasa mmoja, akanirudishia.

"Umeandika vizuri, bwana. Mimi umeniambia lini?"

Nikalifunga daftari.

"Mwalimu alikuja hapa nawe upo, akasema koti lake la dukani linapitisha maji shingoni. Maneno hayo tu. Wewe ulikuwa unapaka grisi."

Ni kweli nilikuwepo, na sina desturi ya kupotosha kumbukumbu. Lakini wivu haukunitoka kwa kukiri. Asubuhi Mwalimu alipoanika koti kwenye kamba, nilivuka ua na utepe wa mke wangu, nikaupima ule ukosi: inchi tatu. Nikarudi, nikaketi karibu na cherehani, nikamwomba kwa mdomo wangu anishonee ukosi wa inchi nne.

"Utakukaba," alisema, akaanza kukata kitambaa.