Miezi Minne Iliyobaki Ivuna

Juzi asubuhi kitabu cha mama kilinifikia kwa simu. Kilikuja kizima, Januari hadi Desemba, kurasa nyeupe zisizo na doa hata moja. Aliyenitumia ni mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi Dodoma. Yumo katika kundi la wasomaji wanaotumiana vitabu vya dini na vya kutia moyo. Siku moja mtu akaweka ukurasa mmoja humo, mdogo wangu akausoma akiwa kwenye foleni ya benki, akayatambua maneno. Akaomba kitabu chote. Chini yake akaniandikia: "Dada, hatimaye kimekamilika. Sasa niambie, kwenye ukurasa wangu mama alikuwa ameandika nini?"

Tangu hapo sijatulia, rafiki yangu. Nimefagia uwanja mara mbili, nimeunguza maharage, nimekwenda hadi stendi na kurudi wakati sikuwa na safari wala mgeni. Hata haya naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya pipa la maji. Labda nikikusimulia tangu mwanzo nitaweza kukaa.

Mwanzo wake ni chumba kimoja cha kupanga hapa Tunduma, karibu na barabara ambapo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama alikuwa akiwauzia madereva mayai ya kuchemsha. Kila alfajiri alitenga sufuria jikoni, akavuta kigoda, akasoma ukurasa mmoja wa kitabu chake kwa sauti huku sisi watoto watatu tukiwa bado chini ya blanketi. Baridi ya hapa mwezi wa sita unaijua. Nilikuwa nikisikia mayai yakigongana ndani ya maji, honi ya lori mbali, na mama akisoma taratibu kama mtu anayechambua mchele. Kitabu hakikuwa na jalada, na jina lake hatukulijua. Kilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka. Kwenye kurasa tatu tu, zile za siku tulizozaliwa, mama alikuwa ameandika pembeni kwa penseli. Mimi ni wa mwezi wa tatu, mdogo wangu wa kiume wa mwezi wa saba, na wa mwisho ni wa mwezi wa kumi.

Baba alifariki kabla huyo wa mwisho hajazaliwa. Mama naye alitutoka nikiwa na miaka kumi na minne, wa kiume tisa, wa mwisho sita. Msiba ulipokwisha, ukoo ukakaa kikao. Mjomba akasema atamchukua wa kiume akaishi naye Ndalambo, kijiji cha njia ya Sumbawanga. Bibi, mzaa mama, akasema wa mwisho atakwenda naye Ivuna, kule bondeni wanakochemsha chumvi. Mimi nilitakiwa kwenda kwa shangazi kulea watoto wake. Nikakataa. Niliwaambia nitabaki na ndoo ya mayai ya mama, na mama mwenye nyumba akasema atanitazama. Shule niliiacha hapo hapo, darasa la saba likiwa nusu.

Mchana ule kila mmoja wetu alitaka kitabu. Wa mwisho alikikumbatia akalala juu yake, wa kiume akamvuta mguu. Nikachukua wembe. Mama mwenye nyumba alinikuta nakata nyuzi za mgongo wa kitabu, akapiga kelele, "Wee binti! Unachinja kitabu cha sala kama kuku?" Nilipomweleza, akapiga magoti, akakishika ili kisiteleze. Tulikata mwisho wa Aprili na mwisho wa Agosti, kila mtoto akapata miezi minne yenye siku yake. Nikawaambia wadogo zangu, kwa sauti ya mtu mzima ambayo sikujua nimeitoa wapi: "Siku vipande hivi vitatu vikikutana, ndipo na sisi tutakaa pamoja."

Kosa langu nililigundua wiki ile ile. Mwezi ulikuwa wa sita, na kurasa za siku hizo zote zilikuwa Ndalambo. Mimi nilikuwa nasoma habari za mwaka mpya huku majani ya maboga yakikauka, na Ivuna walikuwa wanaelekea Krismasi. Mjomba alinitumia salamu kwa kondakta wa basi la Sumbawanga: "Mwambie huyo mwenye wembe, wenzetu wa Ivuna wakichinja mbuzi wa sikukuu watuite."

Basi tukaanza kuvizungusha. Cha Ndalambo kilikuja na kondakta yule. Cha Ivuna kilikuja na lori la chumvi, ambalo kiangazi chote lilipanda hadi Tunduma na kulala siku mbili sokoni. Vyote vilipitia kwangu, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na sheria ilikuwa moja: kipande hakiondoki mpaka kingine kimefika. Usidhani tuliosoma tulikuwa watoto watatu tu. Hapa Tunduma mama mwenye nyumba alisoma akisukuma chapati, na unga ukaingia kati ya kurasa. Dereva mmoja wa lori la mafuta alisoma ukurasa mmoja kwa kila yai, na akirudi kutoka Zambia baada ya wiki tatu aliniambia kabla hata ya salamu, "Nipe siku zangu nilizokosa." Cha Ndalambo kilirudi na vipande vya maganda ya mahindi vilivyowekwa kama alama, nilivihesabu nikajua huko kuna wasomaji saba. Cha Ivuna kilirudi kikiwa kigumu, karatasi zimekakamaa. Ukilamba kidole ili ufunue ukurasa, ulionja chumvi.

Kiangazi kile cha kwanza vipande vilizunguka vyote, kila kimoja kikarudi kwa mwenyewe, mvua zikaanza, njia ya bondeni ikakatika. Nilisubiri. Nilisoma kipande changu nikitembea uani, hadi mama mwenye nyumba akanicheka. "Unasoma kama mtu anayefukuzwa! Kaa chini, maneno hayakimbii." Sikuweza kukaa. Kila nilipokaa niliwaza wa mwisho anakula nini, nani anamsuka, kama bado analala amekunja kidole gumba ndani ya ngumi.

Kiangazi cha pili lori la chumvi lilifika bila kipande. Likaja tena, bila kipande. Mara ya tatu dereva wake alinikabidhi furushi dogo la chumvi na maneno ya bibi: mtoto amekataa kukitoa. Ndalambo wakaanza kuuliza. Dereva wa lori la mafuta akaniambia, akimenya yai, "Mama mayai, umeanza kutufungia duka?" Nikakasirika, na aibu ikanizidi. Nilimwachia mama mwenye nyumba ndoo, nikapanda juu ya lori lile lile lilipokuwa linarudi.

Njiani nilipanga maneno ya kumgombeza. Tulipita mashamba ya kahawa na maharage, kisha barabara ikaanza kushuka na joto likapanda, nikavua sweta, nikavua na kilemba, na maneno yangu bado nilikuwa nayo yote.

Wanawake wa Ivuna walikuwa kazini. Walikuwa wanakwangua udongo wenye chumvi, wanaujaza kwenye vyungu vyenye matundu, wanamimina maji juu yake, na yale yanayodondoka chini wanayachemsha hadi chungu kibaki na chumvi nyeupe. Kazi hiyo ni ya kusubiri. Wakati wakisubiri, mama mmoja, jirani wa bibi, aliyekuwa amesoma miaka michache, aliketi upande usio na moshi akiwa na miezi minne ya kitabu chetu mapajani, akisoma. Wengine walikoroga na kuitikia. Akifika mahali pazuri walimwambia, "Rudia hapo, moto umepiga kelele," hata kama moto ulikuwa kimya.

Mdogo wangu alikuwa ameketi miguuni pake. Aliponiona hakukimbia kunipokea. Alitazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu, kisha akaingia nyumbani kwa bibi na kutoka na mfuko wa chumvi uliofungwa kwa kamba. Ndani yake kulikuwa na gauni lake, kikombe na kanga kuukuu ya mama.

"Vyenu viko wapi?" akauliza.

"Vyetu vipi?"

"Cha kwako na cha kaka. Ulisema vikikutana. Mimi cha kwangu nimekitunza hapa, nikawa nawasubiri."

Alikuwa ameufunga mfuko ule tangu lori la kwanza, rafiki yangu. Kila lori lilipofika alikwenda kuketi juu ya mfuko huo. Alijua akikitoa kipande chake kitazunguka tena, na sisi tutaendelea kusoma kila mtu kwake. Yeye alikuwa amelishika neno langu kama lilivyosemwa. Mimi nilikuwa nimesafiri siku nzima juu ya magunia kufuata karatasi.

Bibi alitoka akijifuta mikono. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Utamlisha nini?"

"Mayai," nikasema.

Wanawake wakacheka hadi mmoja akaacha kukoroga. "Atataga huyo!" akasema. Bibi naye akacheka kidogo, akageuza uso upande wa moshi. Alimpenda yule mtoto. Nilijua ninachomwomba. Mwishowe akasema, "Mama yake asingekubali mgawanywe. Sisi ndio tuliokubali. Mchukue."

Jirani aliyekuwa akisoma akakifunga kipande polepole. "Na hiki mnakwenda nacho? Mtoto aondoke, kitabu kiondoke, sisi tubaki na nini hapa, moshi?" Alikuwa anatania, lakini hakuna aliyecheka. Mdogo wangu alinitazama, mimi nikatazama chini. Ndipo yeye mwenyewe akamwambia, "Baki nacho. Ukimaliza utatuletea?"

"Nitakuletea, mama yangu. Tukimaliza tu."

Tulipanda lori tukiwa wawili. Mwezi wa nane mjomba alikuja Tunduma na magunia matatu ya mahindi, na wa kiume amekaa juu yake. "Nimekuletea mtu wako na chakula chake," akasema. "Amekuwa akiuliza habari zenu kila basi likipita, nimechoka." Hivyo ndivyo tulivyorudi katika chumba kile kimoja, watatu, tukiwa na vipande viwili vya kitabu.

Kuanzia Januari hadi Agosti nilisoma alfajiri kama mama, sufuria jikoni. Septemba ikifika tulikuwa hatuna ukurasa. Asubuhi ya kwanza nilisikiliza mayai tu. Kisha wa mwisho akaanza kusema kutoka chini ya blanketi, maneno aliyoyashika kwa wanawake wa chumvi: kwamba sala ya mtu mwenye kazi nyingi ni kazi yake mwenyewe akiifanya bila kinyongo. Kesho yake akasema mengine. Alipoishiwa, wa kiume akatunga ya kwake, kuhusu Mungu na ng'ombe wa mjomba, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta. Miezi minne ya kila mwaka tuliijaza hivyo kwa vinywa vyetu. Naweza kukuambia, na wala sioni haya, kwamba asubuhi hizo ndizo nilizozipenda kuliko zote.

Kipande cha Ivuna hakikurudi. Bibi alifariki. Jirani yule, tuliambiwa, alihama na familia yake kufuata malisho, na haikujulikana alikwenda upande gani wa bonde. Lori la chumvi liliacha kuja. Siku hizi chumvi tunanunua ya pakiti dukani. Foleni ya malori ipo bado, lakini madereva wanasoma kwenye simu, na ukurasa haurudi tena na alama ya kidole cha mtu. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe natuma na kupokea vitabu kila wiki. Ila sijui tena nani amesoma kabla yangu, wala alikuwa anapika nini.

Sasa swali la mdogo wangu. Kwenye simu niliutafuta ukurasa wake wa mwezi wa kumi. Maneno yote ya kitabu yapo. Pembeni ni peupe. Ya mama kwenye ukurasa wangu ninayo hapa kwa mkono wake: "Wa kwanza. Nimeogopa sana, nimefurahi sana." Ya wa kiume ninayo pia: "Analia kwa nguvu. Atasikika." Ya wa mwisho niliyasoma mara moja tu, kiangazi kile cha kwanza kipande kilipopita mikononi mwangu, nikiwa na haraka ya kuwahi lori. Jana nimeyaandika kwa penseli kwenye karatasi, nimeipeleka stendi, nimemkabidhi kondakta wa basi la Dodoma. Alishangaa kwamba bado kuna mtu anatuma karatasi. Nimeandika: "Wa mwisho amekuja. Baba yao hakumwona. Huyu atakuwa ... yangu." Neno moja nimelisahau. Huenda ni faraja. Huenda ni nguvu, au amani. Nimejaribu yote kwa sauti nikitembea uani, na hakuna ninaloweza kuapia. Kumwandikia la kubahatisha nimeshindwa, nikaacha nafasi.

Kwa hiyo nakuandikia wewe unayesoma, maana wasomaji wa kitabu kile walikuwa wengi na huenda mmoja wenu amekirithi. Kama huko bondeni, ndani ya sanduku au darini, kuna kurasa ngumu zisizo na jalada, zinazoanza Septemba na zenye ladha ya chumvi, kaa nazo. Jirani yule aliahidi kuzileta wakimaliza, na pengine hawajamaliza. Zisomeni tu. Ila fungua mwezi wa kumi, tafuta penseli pembeni, uniambie neno lile moja. Mtoto amesubiri vya kutosha.