Kadi ya Mwalimu Katarina

Wifi yangu Mwajabu ana ulimi mtamu, na nilishamwambia zamani kwamba utamponza. Hakunisikia, na mimi si mtu wa kurudia neno mara tatu. Anauza mashuka, taulo na mapazia sebuleni kwake, hapa Bagamoyo mjini. Mzigo anaufuata Kariakoo. Wateja wake wengi ni walimu na wauguzi, watu wa mshahara, ndiyo maana benki ikampa kile kimashine cha kulipia kwa kadi.

Sasa kadi ikikataa kwa sababu akaunti haina kitu, kimashine kinaandika wazi: salio halitoshi. Mwajabu hasemi hivyo hata umkate kidole. Atakitikisa, atasonya, atasema mtandao leo unasumbua, chukua tu mzigo wako, utalipa siku nyingine. Sebuleni wamekaa wanawake wenzake wanakunywa chai, atamuumbuaje mtu mbele yao? Anayemsitiri mwenzake, Mungu humsitiri, ndivyo anavyosema. Na mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu mteja mwenyewe anajua hali yake, anajua anasitiriwa, na mwisho wa mwezi analeta.

Mwalimu Katarina hakuwa anajua.

Huyu mama ni mjane, mstaafu, alikuja huku kutoka Songea akiwa msichana na akafundisha darasa la kwanza hadi mvi zikamtoka. Mwajabu alijifunza kusoma kwake. Mwaka jana presha ya macho ilikuwa imeshalichukua jicho la kushoto. La kulia, daktari alisema, linaweza kuokolewa kwa upasuaji ila asichelewe. Watu aliwaona kama vivuli, maandishi hakuyaona kabisa. Namba ya siri aliibonyeza kwa kupapasa. Ujumbe wa benki alisomewa na Leodgar, mtoto wa marehemu dada yake, mwanaume wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akiishi naye. Ndiye pia aliyemuunganishia akaunti na simu.

Januari mwalimu alikuja kununua mashuka ya kwenda nayo hospitali. Kadi ikakataa. Nilikuwepo, nikayaona maneno kwa macho yangu: salio halitoshi. Mwajabu akasema mtandao. Mwalimu alipoondoka nikamuuliza wifi, pensheni ya yule mama imeingia juzi, imekwenda wapi? Akanijibu labda ana shida zake, si adabu kumchungulia mtu mfukoni. Nikanyamaza. Hilo nalikiri, nilinyamaza na mimi, na linaniuma.

Februari ikawa vilevile.

Machi alikuja bila haja ya kununua kitu. Alikuwa amepata mteja wa kiwanja chake cha Fukayosi, milioni nne, hela yote ya upasuaji, na mnunuzi alitaka kuiweka benki. Alikaa kwenye kochi akaushika mkono wa Mwajabu.

"Mwanangu, mara ya pili hii kadi inakataa. Nataka kuweka fedha za macho yangu humo. Akaunti yangu ni nzima?"

Wauguzi wawili walikuwa wanachagua mapazia. Mwajabu aliwatupia jicho, kisha akamgeukia.

"Nzima kabisa, mwalimu. Ni mtandao tu."

Fedha ziliingia Jumanne. Ilipofika Alhamisi, Leodgar alikuwa amezihamisha zote kwa simu, akazima laini, na mpaka leo hajulikani alipo. Pensheni nayo alikuwa akiila tangu Desemba. Haya tuliyajua baadaye. Mwalimu aliyajua nusu yake hospitali Dar, pale dirisha la malipo, ambapo yule binti wa watu, asiyejua adabu zetu, alimwambia kwa sauti kwamba humu hamna hela, bibi.

Kesho yake tulimpeleka benki, mimi na Mwajabu, tumemshika huku na huku. Karani akasoma kwenye kompyuta yake, na bila kujua anafanya nini akauliza mbona mama hakuja mapema, wakati kadi ilishakataliwa Januari na Februari kwa kukosa salio, na mwenye mashine aliambiwa. Mwalimu aliutoa mkono wake kwapani mwa Mwajabu, taratibu, akabaki ameshikwa na mimi peke yangu.

Mwajabu alihangaika, Mungu anamuona. Aliuza mzigo wote kwa hasara, akapita misikitini na kanisani kuomba michango. Ilichukua miezi mitano. Tulipofika tena kwa daktari, alilimulika lile jicho la kulia muda mrefu, kisha akazima taa. Akasema wakati umepita, kupasua sasa ni kumuumiza mama bure.

Wiki iliyofuata Mwajabu alikwenda kuomba radhi, akaniomba nimsindikize. Alipiga magoti kwenye mkeka, akalia, akasema alitaka kumsitiri tu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alitafuta ukingo wa kiti kwa vidole, akajiweka sawa, akageuza uso ili amwelekee.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ungeniambia, ningeaibika siku moja tu."

Aliyasema hayo huku ameuelekea ukuta. Mwajabu alikuwa upande wake wa pili, ameshika pindo la kanga yake mwenyewe, na hakuthubutu kumwambia.